Nilipanda mlima peke yangu, mvua ikanitia adabu!

Msomaji wangu, wiki hii sina stori ya nani kamwacha nani. Wiki hii najianika mwenyewe, kama dagaa wa Kibirizi. Ukitaka kucheka, cheka, lakini soma mpaka mwisho, maana yaliyonikuta mimi yanaweza kukukuta hata wewe unayejiona ngangari.

Nilikuwa Kigoma kwa shangazi yangu, pale Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, wanakopandia boti watu wanaokwenda Gombe. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimekolea. Nilimwambia kila mtu kwamba nimekuja likizo. Uongo mtupu! Ukweli ni kwamba mkataba wangu wa kazi Dar ulikuwa umekwisha na bosi hakuongeza hata siku moja. Sasa kila asubuhi shangazi ananiuliza, "Baba, likizo yako inaisha lini?" Jirani naye, "Mjomba, Dar unarudi lini?" Mpaka nikawa naogopa hata kutoka uani.

Basi, Jumatano moja nikasema leo nakwenda mahali ambako hakuna mtu wa kuniuliza swali. Nyuma ya Kibirizi milima imeinuka kutoka ziwani, na inaendelea hivyo hivyo kuelekea kaskazini, juu ya Kalalangabo, mpaka Gombe kwenye sokwe. Nikapanga nipande, nitembee huko juu, jioni niwe nyumbani. Sikumuaga mtu. Nilivaa jinzi, fulana na raba. Kwenye begi niliweka chupa moja ya maji, maandazi manne na simu yenye chaji nusu. Koti la mvua? La nini, bwana, mimi si mtalii!

Pale mwaloni nikawapita akina mama wanaanika dagaa. Mmoja alitazama mbingu upande wa Kongo, akaanza kukusanya dagaa wake harakaharaka.

"Mwanangu, unakwenda wapi na mvua hii?"

Mvua gani? Jua lilikuwa linawaka! "Nanyoosha miguu tu mama, hapo juu." Nikapita zangu, moyoni namcheka.

Saa mbili za kwanza zilikuwa bomba. Niligeuka nyuma nikaliona Ziwa Tanganyika lote limelala chini yangu, maboti yamekuwa kama punje za mchele, na ng'ambo milima ya Kongo. Nilikula maandazi yangu mawili huku najiona mwanamume kwelikweli. Hakuna wa kuuliza likizo inaisha lini.

Kama saa sita hivi upepo ukageuka. Kabla sijamaliza kujiuliza, ukungu ukapanda kutoka bondeni, kisha ikashuka mvua ya kumwagwa na ndoo. Hapo ndipo kimbembe kilipoanza.

Sisi wa mjini tukisikia baridi tunafikiria Ulaya, au tukijitahidi sana, Makete. Kumbe hesabu yake ni rahisi. Uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe uko kama mita 770 juu ya bahari. Ukizidi kupanda, kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Weka juu yake upepo, weka na nguo zilizolowa. Nguo ikilowa haikufuniki tena, inakunyonya joto. Na jinzi ndiyo mbaya kuliko zote, inalowa, inakuwa nzito, halafu haikauki.

Nikaanza kushuka. Lakini njia niliyopandia ilikuwa imegeuka mfereji, na nyingine mbili zimetokea pembeni yake, zote zinafanana. Nikachagua moja. Raba zikateleza, nikaporomoka mpaka kwenye korongo, goti likachanika. Nikatoa simu. Imelowa, kioo cheusi. Nikapiga kelele. Mvua ikanijibu.

Nikajibanza chini ya mwamba. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Nilitaka kula andazi, vidole vikashindwa kufungua zipu ya begi. Kisha, msomaji wangu, likaja jambo ambalo mpaka leo linanitisha kuliko mvua yenyewe: kutetemeka kukapungua. Nikaona raha fulani, nikasema ngoja nisinzie kidogo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hiyo ni dalili mbaya sana. Mwili unatetemeka ili ujipashe joto. Ukiacha kutetemeka na bado umelowa, maana yake umechoka kupigana.

Kilichonizuia kulala ni habari niliyoisikia juzi yake kwa kijana mmoja wa boti. Mwaka 1969, dada mmoja Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti Gombe, Ruth Davis, alikuwa peke yake akifuatilia sokwe akaanguka kwenye jabali akafa. Walimtafuta siku kadhaa ndipo wakampata. Tangu hapo watafiti wakawa wanatembea na Watanzania wanaoijua milima ile. Huyo alikuwa mtu wa kazi, wenzake wanajua yuko mlimani. Mimi je? Nani angeanza kunitafuta, na angeanzia wapi?

Nikainuka. Nikafuata korongo kushuka, nusu kwa miguu, nusu kwa makalio. Sijui nilikwenda muda gani. Nilichosikia kwanza ni harufu ya moshi.

Kilikuwa kibanda cha shambani, katikati ya mihogo. Ndani mzee mmoja na mjukuu wake wanaota moto. Nilitaka kusema "Shikamoo babu," mdomo ukatoa kitu kingine kabisa. Mzee hakuuliza kitu. Alinivua fulana na jinzi, akanifunga blanketi, akanipa uji wa moto, kidogo kidogo. Nilipoanza kutetemeka tena akatabasamu.

"Umetoka wapi?"

"Kibirizi, babu."

"Nani anajua kwamba uko huku?"

Nikanyamaza. Niliyakimbia maswali yote ya Kibirizi, nikaja kukutana na hilo moja huku juu, na sikuwa na jibu.

Mvua ilipokatika mjukuu alinisindikiza. Giza limeingia tunaona tochi zinapanda: shangazi, vijana wawili wa boti na yule mama wa dagaa. Kumbe alipoona mvua inapiga na mimi sijarudi, ni yeye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuulizia, "Yule kijana wa Dar ni wa nani?"

Usiku ule shangazi alinipikia mgebuka na ugali wa muhogo. Hakunigombeza. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Shangazi, mimi siko likizo. Kazi imekwisha."

Akaendelea kumenya mgebuka. "Najua. Mtu wa likizo haji na mabegi matatu na feni. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Msomaji, sikuambii usipande mlima. Panda, ni raha. Hata peke yako ukitaka, pale panaporuhusiwa, maana Gombe huingii msituni bila mwongozaji na Kilimanjaro nao hawakuruhusu. Ila muage mtu: napita njia hii, narudi saa fulani, nisiporudi nitafuteni. Beba koti la mvua na nguo kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Ukungu ukishuka, usione aibu kurudi mapema. Na mama wa dagaa akianza kuanua, jua liwake lisiwake, nawe geuza.

La pili ni kwa wewe uliyeachishwa kazi na bado unaamka kila siku unavaa shati la ofisini ili majirani wasijue. Mwenzio nilifika mpaka chini ya mwamba. Mwambie mtu mmoja. Pengine anajua tayari, anasubiri tu feni yako iwashwe.

Tukutane wiki ijayo.