Zamu ya Maji Upareni

Siku za mwanzo hazina kisa. Vumbi la tambarare ya Same, kisha makonde ya mahindi na fiwi, kisha baridi ya jioni na sahani ya makande kila nilipopokewa. Lengo lilikuwa Shengena, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare, mita 2,462, ndani ya msitu wa Chome.

Kisa kilianza kijijini Bangalala, mama mwenyeji wangu aliposema kesho hapandi mtu mlima. Kesho ni zamu yake ya maji, na mwanawe aliyekuwa atusindikize anahitajika shambani.

Kijana niliyemkodi mjini kuniongoza akamjibu kwa ukali. Mgeni ameshalipa, ratiba ni ratiba, maji hayakimbii. Maneno hayo yalinichoma, kwanza kwa sababu aliyeambiwa alikuwa na umri wa mama yake, pili kwa sababu si kweli. Maji ya Upareni yanakimbia, ndiyo maana wazee walichimba ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la mteremkoni, limezungushiwa tuta la udongo na mawe. Kijito kikiachwa kitiririke chenyewe mchana, maji hunywewa na mfereji kabla ya kufika shamba la mbali. Kwa hiyo usiku kucha kijito huijaza ndiva, na asubuhi tundu likizibuliwa, maji hutoka na nguvu ya kufika mwisho wa mfereji.

Nilimwambia kijana akapumzike, nikamfuata mama. Mzee msimamizi wa maji alikuwa ameketi juu ya tuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jembe lako liko wapi?"

Nikapewa jembe la mama. Tulipokuwa tukisubiri, nikamuuliza mzee ni nani anayesafisha ndiva ikijaa tope.

"Sisi wote, kwa msaragambo, kazi ya pamoja."

"Na asiyekuja?"

"Faini. Asipolipa, zamu inampita."

"Hata akiwa ndugu yako?"

"Huyo ndiye wa kwanza. Nikimwachia ndugu yangu, kesho nani atanisikia?"

Maji yalipofunguliwa hakuna aliyesema tena. Mama alikata tuta la mfereji hapa, akaziba pale, akinielekeza kwa kidole. Mgongo uliniuma haraka. Hatujamaliza, akaja mwanamume wa shamba la chini, amefura kwa hasira: wa juu wamezidisha muda, maji yaliyomfikia jana hayakulowesha hata robo ya mahindi yake. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwahidi kwamba jambo hilo litasemwa kwenye kikao, mbele ya hao wa juu.

Nikamuuliza mzee kuhusu watu wa Makanya, huko chini kabisa tambarare, wanaolima kwa kutegea mafuriko yanayoshuka kutoka milimani. Hakuficha. "Mvua ikiwa haba, hata sisi ndiva hailali imejaa. Wao ndio hukosa kabisa. Wanatulaumu, na wana haki ya kulaumu."

Hapo ndipo furaha yangu ya asubuhi ilipoingia uchungu. Tumezoea kusifu jamii za milimani kwamba zinaishi kwa amani na mito na misitu yao, kana kwamba amani hiyo huota yenyewe. Niliyoyaona ni mabishano, faini na vikao, kazi ya kila msimu ya kuwafanya majirani wasidhulumiane. Wapare hawakuanza leo kukaa pamoja na kudai haki: miaka ya 1940 walipiga kambi Same kwa maelfu kuikataa mbiru, kodi ya wakati wa ukoloni. Nadhani sifa hii ni kubwa kuliko ile ya amani.

Shengena nilipanda baadaye. Mawingu yalifunika kila kitu.

Kwa hiyo nasema wazi kwa wanaoandaa safari za aina hii: kumtembeza mgeni polepole hakutoshi ikiwa saa bado ni yake. Kalenda iwe ya mwenyeji. Mgeni alipie siku anazokaa, si kilele, ili zamu ya maji au msiba visigeuke hasara ya mtu. Na mwongozaji, kabla ya kutaja ratiba, amuulize mama wa nyumba kesho ana kazi gani.