Kililana, Amu na Chumba cha Mgeni

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu hupita Malindi, Garsen na Witu, na mwisho wa safari hufika Mokowe, ambapo gari halina budi kusimama, kwa kuwa mbele yake ni maji. Zamani kipande cha Garsen hadi Lamu kilikuwa adhabu. Mvua iliponyesha magari yalikwama topeni siku mbili tatu, na abiria walijifunza kusubiri. Sasa barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita 135, imetiwa lami, na mtu aweza kufika Mokowe nguo zake zingali safi.

Kaskazini ya Mokowe, kandokando ya mkono wa bahari utenganishao bara na kisiwa cha Manda, ndipo ilipo Kililana. Kwa miaka mingi jina hilo halikujulikana sana ila na Waamu na jirani zao. Kwao Kililana ilikuwa mashamba: miembe, minazi, mikorosho, mahindi na ufuta. Desturi ya watu wengi wa visiwani ilikuwa kuwa na nyumba kisiwani na shamba bara. Msimu wa kilimo ulipowadia walivuka kwa dau, wakakaa mashambani majuma kadhaa, wakarudi mji baada ya mavuno.

Katika shamba la bara hapakuwa na chumba cha mgeni. Mgeni akija alilala barazani, au alipanda juu ya dungu pamoja na kijana aliyelinda mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe, na usiku kucha alisaidia kupiga kelele. Ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu bila shaka ilitungwa na mtu mwenye shamba. Lakini mgeni huyo huyo akivuka maji kuingia mjini Amu, mambo yalikuwa mengine kabisa. Huko alikuta chumba kilichojengwa kwa ajili yake hata kabla hajazaliwa.

Chumba hicho huitwa sabule. Ili msomaji apate kukifahamu vizuri, yafaa kwanza aijue nyumba yenyewe.

Nyumba kubwa za mawe za mtaa wa Mkomani, nyingi zikiwa ni za karne ya 18, zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake ni za boriti za mikoko. Wageni wengi huona vyumba vyake virefu na vyembamba, wakadhani kuwa hayo ni mapenzi tu ya wenyeji. La, amri hiyo ilitolewa na mti. Boriti nzuri iwezayo kubeba sakafu ya mawe na chokaa haivuki nafasi ya zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo tajiri na asiye tajiri walipimiwa upana mmoja, na aliyetaka makuu aliongeza urefu wa chumba au idadi ya vyumba. Mafundi wa Amu huipanga miti hiyo kwa unene wake, tangu fito, pau na mazio, hata boriti, nguzo na banaa. Majahazi yalikuwa yakiichukua mpaka Uarabuni na nchi za Ghuba kwa ujenzi wa huko, mpaka mwaka wa 1982 Serikali ya Kenya ilipokataza kuipeleka ng'ambo.

Nje ya mlango kuna daka lenye viti vya mawe pande zote mbili, na hapo ndipo mwenye nyumba huzungumza na watu wa kupita. Ukiingia ndani hukuti moja kwa moja watu wa nyumba, kwa sababu njia hupinda kabla ya kufika kiwandani. Kiwanda ni ua ulio wazi juu, nao ndio uipao nyumba hewa na nuru, kwa kuwa ukuta wa upande wa njia hauna madirisha. Baada ya kiwanda hufuata msana wa tini, kisha msana wa yuu (Waamu husema tini na yuu kwa chini na juu), kisha ndani, ambako ukuta umechorwa zidaka za chokaa za kuwekea vyombo vya kauri. Kila hatua sakafu hupanda kidogo, na kila hatua idadi ya watu wenye ruhusa ya kupita hupungua. Huko mwisho ni mahali pa mama, mabinti, bibi arusi na mtoto mchanga. Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake, pasipo kuisumbua familia ya mtu, na aende katika nyumba ya Kiswahili ya makumbusho mjini Lamu, ambayo imewekwa kama ilivyokuwa zamani.

Basi hapo ndipo penye swali gumu. Mji wa Amu uliishi kwa biashara ya bahari, na biashara ya bahari ni biashara ya wageni. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi, nayo hayakuweza kurudi mpaka upepo ugeuke kuwa kusi. Mfanyi biashara hakukaa siku mbili; alikaa miezi. Alihitaji malazi, ghala ya mali yake, na mtu mwaminifu wa kumdhamini kwa wanunuzi. Mwenyeji naye aliihitaji mali hiyo. Lakini atamwekaje mwanamume asiye wa jamaa yake, kwa muda wa miezi, katika nyumba ambayo hata ndugu wengine hawapiti msana wa pili?

Sabule ndiyo iliyokuwa jibu. Chumba hiki huwekwa karibu na mlango, au ghorofani kikitazamana na misana ng'ambo ya kiwanda, nacho huwa na ngazi yake, na katika nyumba kubwa choo chake pia. Mgeni aliingia na kutoka saa aliyotaka. Alisikia sauti za nyumba, mchi ukitwanga na watoto wakisoma, lakini wenye sauti hakuwaona. Chakula kililetwa na mtoto au mtumishi. Alipoalikwa kuzungumza aliketishwa katika kiti cha enzi, kile kiti kikubwa cha mpingo chenye nakshi za mifupa na pembe, ambacho kila familia yenye jina ilijitahidi kuwa nacho kwa heshima ya mgeni hata kama wenyewe hawakukikalia mara nyingi. Hakuna aliyetaja kodi. Malipo yalikuwa katika biashara yenyewe, na pengine katika ndoa, kwa maana si wageni wachache walioingia katika sabule wakiwa watu wa mbali, wakaja wakawa wakwe.

Desturi hiyo haijafa yote. Kila mwaka katika mwezi wa Maulidi watu huja Lamu kutoka pwani nzima kuhudhuria sherehe za Msikiti wa Riyadha, msikiti uliojengwa na Habib Swaleh, na wengi wao hulala majumbani mwa watu bila kulipa senti.

Mgeni wa kulipa alikuja baadaye. Wakati wa ukoloni Mwingereza mmoja, Percy Petley, aliweka hoteli ufuoni mwa mji. Mwaka wa 1967 Hoteli ya Peponi ilifunguliwa huko Shela. Katika miaka ya 1970 vijana wa Ulaya na Marekani walifika wakiwa na mabegi mgongoni, wakalala juu ya dari za nyumba kwa shilingi chache. Wenye nyumba walicheka kwanza, kisha wakahesabu. Mwaka wa 2001 mji wa kale wa Lamu ulipoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, thamani ya nyumba ya mawe ilipanda, na ndipo fedha nyingi zilipoanza kubisha hodi.

Hapo pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Nyumba ya Amu haina mwenyewe mmoja, ina warithi. Baba akifa, fungu lagawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hata ukuta mmoja ukawa wa watu ishirini. Kuta zataka chokaa, boriti zimeliwa na mchwa, na hakuna kati ya ishirini aliye tayari kulipa peke yake. Akija mnunuzi wa mbali na fedha taslimu, shauri huisha mara moja. Mnunuzi huitengeneza nyumba vizuri, pengine vizuri kuliko ilivyokuwa, akaipangisha kwa wageni nyumba nzima. Na mgeni wa leo, asiyejua lolote, hulala mle ndani kabisa, chini ya zidaka, mahali ambapo mfanyi biashara wa zamani hangethubutu kutupa hata jicho. Wenye nyumba, nao, huwa wamehamia ukingoni mwa mji katika nyumba ya matofali.

Si haki kumlaumu anayeuza, maana njaa ya mtu aijuaye ni mwenyewe. Lakini iko njia nyingine, na wako walioifuata: familia kubaki ndani ya nyumba yao na kupangisha sabule na dari ya juu tu, pamoja na chakula cha asubuhi. Mapato yake ni madogo kuliko ya nyumba nzima, lakini hayamwondoi mtu kwao, na kazi ya kupokea mgeni hubaki kwa watu waijuao. Tena chumba chenyewe kiko tayari. Hakuna haja ya kuvunja ukuta wala kukata mlango, kwa sababu babu alikwisha kata.

Anayetaka kufanya hivyo na atengeneze kwa chokaa, asitumie saruji. Mawe ya bahari yana chumvi na hupumua. Saruji huyaziba, unyevu ukabaki ndani, na baada ya miaka michache lipu huanguka pamoja na uso wa jiwe. Birika la maji liwe safi, na vile visamaki vidogo ambavyo wazee waliviweka birikani visidharauliwe, kwa maana hula viluwiluwi vya mbu kabla havijapata mabawa. Leseni ya kulaza wageni kwa malipo hupatikana kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii na kwa Serikali ya Kaunti, na kabla ya kubadili jengo lolote katika mji wa kale ni lazima kwanza kuwaona wakuu wa Makumbusho.

Wala asijenge matumaini yake yote juu ya watalii. Mwaka wa 2011 wageni wa Kizungu walitekwa nyara katika visiwa hivi, na wengine wakaacha kuja. Mwaka wa 2014 ulitokea msiba wa Mpeketoni, na amri ya kutotoka usiku ikafuata. Mwaka wa 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Mara tatu katika miaka kumi vitanda vya Lamu vililala vitupu. Aliyekopa fedha nyingi aliumia, lakini aliyekuwa akiishi ndani ya nyumba yake alifunga mlango wa sabule, akasubiri.

Sasa turudi ng'ambo, Kililana, kwa kuwa huko ndiko aina mpya ya mgeni inakoshukia. Tarehe 2 Machi 2012 iliandikwa sana: siku hiyo Rais Mwai Kibaki, pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua ujenzi wa bandari mpya. Tarehe 20 Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua gati ya kwanza. Magati matatu yamekwisha jengwa. Mpango wa awali ulikuwa 32. Mashamba mengi yalichukuliwa kwa kazi hiyo, na wenyewe walidai fidia kwa muda mrefu kabla ya kulipwa kwa kiwango cha shilingi milioni 1.5 kwa eka. Wavuvi nao walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba walipwe shilingi bilioni 1.76.

Bandari huleta madereva, makarani, mafundi na maofisa wa forodha. Hawa si watalii. Hawaulizi habari za zidaka. Wanauliza kama kuna maji ya kuoga, chandarua, na mahali pa kuegesha lori. Lakini mwenyeji wao yumo katika tatizo lile lile lililomkabili babu yake wa Amu: mwanamume mgeni, atakayekaa majuma au miezi, karibu na jamaa. Mwenye shamba aliyepokea fidia, au aliyebakiwa na kipande cha ardhi nje ya mpaka wa bandari, aweza kuzila fedha hizo zikaisha, au kununua shamba mbali, au kujenga. Akijenga, fundi wa kawaida atamchorea safu ya vyumba sita vinavyofunguka katika ua mmoja na jiko la nyumbani, mgeni na mama wakipishana na ndoo. Nyumba za namna hiyo zimejaa katika miji yetu, na kila mmoja ajua magomvi yake. Kabla ya kumlipa fundi huyo, na avuke kwa mashua hadi Amu, safari ya nusu saa hivi, aombe ruhusa katika nyumba ya jamaa yake, apande ile ngazi ya pembeni, ahesabu hatua, apime mlango, na aone dirisha linatazama wapi.

Akilala huko usiku mmoja atayaona mengine yasiyopimika kwa futi. Alfajiri, baada ya adhana, atasikia nyayo za mtoto ngazini. Sinia yenye mahamri, mbaazi na birika la chai ya tangawizi itawekwa kizingitini. Mtoto atabisha hodi mara moja, na kabla mlango haujafunguka atakuwa amekwisha shuka.