Sifuri ya mdogo wangu na daftari la BAM

Jumapili iliyopita nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa kwenye sanduku la mama, nikakutana na daftari langu la BAM la kidato cha tano. Waliopita huko wanaijua BAM: zile hisabati za lazima kwa watu wa PCB, HGE na wenzao ambao hatukuchukua hesabu kubwa.

Mimi nilikuwa HGE. Nilichagua historia, jiografia na uchumi nikiamini nimeshaagana na hesabu kidato cha nne. Kumbe wapi! Uchumi una majedwali yake, jiografia ina takwimu zake, na BAM ikaja na mada nzima ya takwimu.

Kwenye daftari kuna swali moja la alama za wanafunzi 40. Nimetafuta wastani, mediani, modi, halafu kile kipimo cha namna alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, sisi tulikiita SD tu. Toa wastani, zidisha kwa yenyewe, jumlisha, gawanya, tafuta kipeo. Vema nyekundu tupu! Siku moja nilimuuliza mwalimu hiyo SD inatusaidia nini. Akanijibu, "Itakusaidia kwenye mtihani." Darasa likacheka, nami nikacheka. Nilimaliza kidato cha sita Februari 2012 bila kujua maana yake.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 2013, yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Mnayakumbuka? Watahiniwa 240,903 walipata sifuri, kama sita kati ya kila kumi. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu. Wiki mbili hakutoka nje mchana. Mwezi uliofuata akapelekwa kwa mjomba, Morogoro, kujifunza ufundi wa magari.

Mei, serikali ikatangaza kuyafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011. Yalipotoka tena, maelfu walikuwa wametoka kwenye sifuri. Mdogo wangu alikuwa na daraja la nne.

Mama akanipigia simu chuoni, nikiwa mwaka wa kwanza wa uandishi wa habari. "Hebu niambie baba, wewe si ndiye uliyesoma hizo takwimu? Huyu mtoto alifeli au hakufeli?"

Nilikosa jibu. Nikamwambia mambo ya serikali hayo, mama.

Leo ningemjibu. Ningemwambia: mama, karatasi ni zile zile na majibu ni yale yale, kilichohamishwa ni mpaka. Unaweza kuweka mpaka kabla hujaona alama hata moja, kwamba chini ya hapa ni F, basi. Ndivyo ilivyofanyika kwa mtihani ule wa 2012. Au unaweza kutazama kwanza alama za watoto wote zimetawanyikaje, ndipo upange madaraja. Kila njia ina watetezi wake. Ila mtoto aliyesimama karibu na mpaka anaweza kulala amefeli akaamka amefaulu, bila kushika kalamu.

Kumbe hilo ndilo lilikuwa swali la wale wanafunzi 40 wa kwenye daftari. Nililikokotoa vizuri sana, ila sikuwahi kulielewa.

Siku hizi kila msimu wa matokeo, chumba cha habari kinataka asilimia ya ufaulu, imepanda au imeshuka, na kichwa cha habari kiwe tayari kabla ya saa kumi. Kabla sijaandika huwa nauliza mambo mawili: asilimia ya wangapi, na safari hii mpaka umewekwa wapi? Mhariri wangu hunung'unika kwamba namchelewesha. Anisamehe tu.

Mdogo wangu hakurudi shule. Ni fundi mzuri na ana gereji yake. Lakini nakumbuka siku ile ya Mei nilipompigia kumpa habari. Nilitegemea ashangilie. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kaka, kwani mimi nimefanya mtihani mwingine?"

Daftari nimeondoka nalo. Wewe uliyesoma takwimu, ulifundishwa kukokotoa tu, au kuna mwalimu aliyekwambia namba zile ni watu?