Gari la Turubai: Safari ya Nachingwea na Ruangwa

Wakazi wengi wa Dar es Salaam huijua Nachingwea kwa mambo mawili: korosho zinazouzwa, na mradi wa karanga uliokufa. Mimi tangu utotoni niliijua kwa jambo la tatu, nalo ni gari la mjomba wangu. Lilikuwa Land Rover refu la mwaka 1967, lenye turubai badala ya paa, na kioo cha mbele kinachoweza kulazwa juu ya boneti. Turubai likivuliwa na kioo kikalazwa, abiria alibaki na anga tupu juu yake na upepo usoni. Wenye fedha wa nchi nyingine hulipia sana starehe ya gari la wazi. Sisi watoto wa Nachingwea tuliipata bure, tukiwa tumekaa juu ya magunia.

Mwezi Juni mjomba alinipigia simu. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Mjomba, njoo tuliuze gari. Macho yangu yamechoka." Katika desturi za Wamwera, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wito wa mjomba haujibiwi kwa udhuru. Niliomba ruhusa kazini, nikamwaga mke wangu na watoto, nikapanda basi la alfajiri.

Safari ya kusini siku hizi si ile tuliyoijua. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri alikuwa akingoja kivuko katika mto Rufiji, na masika yakikolea angeweza kulala njiani usiku mmoja au zaidi. Sasa basi linapita juu ya mto huo kwa muda mfupi tu, abiria wengine wakiwa wamesinzia. Ukishapita Lindi unaiacha bahari pale Mingoyo na kugeukia bara. Unapita Mtama, Nanganga na Ndanda, mpaka uione milima ya mawe ya Masasi imesimama kama walinzi. Hapo ndipo unapoishika njia ya Nachingwea.

Mji huu ulikuzwa na ndoto ya watu wengine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianza kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Makadirio yalikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3 kwa gharama ya pauni milioni 25. Matrekta yaliyobaki vitani yaliletwa, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka pwani, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Lakini ardhi haikuulizwa, wala wenyeji wanaoijua mvua yake hawakuulizwa. Mwezi Januari 1951 mradi ulivunjwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu kuwa hasara. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake viking'olewa.

Baadaye mji ulipata heshima nyingine, isiyotokana na fedha. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao ya mafunzo hapa, na mjomba anakumbuka magari yao yakipita usiku. Msumbiji ilipata uhuru wake tarehe 25 Juni, 1975. "Wazungu walileta mitambo wakashindwa," husema mjomba. "Wale vijana walikuja na viatu vilivyotoboka wakashinda. Basi usimpime mtu kwa chombo alichopanda."

Hata hivyo yeye mwenyewe alikipenda chombo chake mno. Land Rover la kwanza lilionyeshwa kwa umma mwaka 1948, wakati ule ule matrekta ya karanga yalipokuwa yakihangaika Nachingwea. Chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Hii ndiyo sababu magari hayo huonekana mazima hata baada ya miaka 50. Lakini chasisi, yaani uti wa mgongo wa gari, ni chuma; nayo huoza chini kwa chini huku bodi ikiendelea kung'aa. Nakuomba, ndugu msomaji, ulikumbuke jambo hili, maana ndilo lililotuletea mtihani.

Mjomba alilinunua gari hilo mwaka 1986 katika mnada wa magari chakavu ya serikali. Uvunaji wa korosho nchini, uliofikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, ulikuwa umeanguka mpaka chini ya tani 20,000, na mkulima aliyekuwa na akiba alihesabika. Yeye alitoa akiba yake yote. Shangazi, mkewe, hakusema naye siku tatu. Gari lenyewe halikuwa na betri, na tairi mbili zilikuwa zimepasuka. Lilivutwa na trekta mpaka nyumbani, watoto wakilifuata kwa vigelegele kana kwamba ni bibi harusi.

Tangu hapo halikuwa tena gari la mtu mmoja. Mjomba alikuwa na daftari la shule, ambamo kila safari iliandikwa. Nililisoma usiku ule kwa mwanga wa taa. Upande mmoja yameandikwa matumizi: plagi, majani ya springi, rejeta kuzibwa, klachi, turubai kushonwa upya. Upande wa pili zimeandikwa kazi: magunia ya ufuta, mabati ya shule, mama mjamzito, usiku, hospitali ya wilaya, hakulipa, maiti kutoka Ndanda, hawakudaiwa, harusi, walilipa kuku watatu. Nilijaribu kujumlisha mapato na matumizi. Kwa hesabu ya fedha, mjomba alikuwa amekula hasara karibu kila mwaka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la mjomba lilikuwa na habari tele, ila mali ndiyo haikuonekana.

Sasa mtoto wa jicho ulikuwa umemziba jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa linafuata. Daktari alimshauri afanyiwe upasuaji. Alikuwa pia na nyumba ambayo haijaezekwa. Kijana mmoja wa Ruangwa, mwenye biashara ya kupamba na kukodisha vyombo vya harusi, alikuwa ameziona picha za gari na kuahidi shilingi milioni 8 na nusu. Alitaka gari la wazi la kuwabeba maharusi, wasimame nyuma na kuwapungia watu mikono.

Asubuhi fundi alilala chini ya gari na bisibisi yake. Alipofika chini ya mlango wa dereva, bisibisi ilizama katika chasisi kama inavyozama katika muhogo uliochemshwa. Sote tulinyamaza. Dalali, aliyekuwa amekuja kutafuta ujira wake, ndiye aliyeanza kusema. "Hilo si tatizo, mzee. Pachikeni bati, pakeni rangi nyeusi, kisha mwagieni oili chafu. Kijana hatalala chini na kanzu yake."

Nakiri kwamba mimi nilikubaliana naye. Nilimwambia mjomba kwamba mnunuzi ana macho yake, na kwamba gari la miaka mingi hivyo haliwezi kuuzwa kama jipya. Nilimkumbusha upasuaji, nikamkumbusha na mabati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjomba, lile gari lako dogo ulilouziwa Dar es Salaam, mwaka juzi, limefika wapi?"

Nilijua alikokuwa akielekea. Nilikuwa nimenunua gari lililotumika kutoka kwa mtu aliyeniapia kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Mwezi wa pili lilikufa barabarani nikiwa na mwanangu mwenye homa, na deni la mkopo niliendelea kulilipa nikiwa natembea kwa miguu.

"Wewe ulikufa injini, ukasimama tu," akasema mjomba. "Huyu atapakia bibi harusi na wasimamizi wake. Chasisi ikikatika kwenye mteremko, nani atakuwa ameua? Yule dalali? Weka bisibisi hiyo ndani ya gari. Tutakwenda nayo."

Fundi alisema gari litafika tukienda polepole na bila mzigo. Tulivua turubai, tukalikunja nyuma. Mimi nilishika usukani, mjomba akakaa kushoto, na shangazi akakataa kuja. Alisimama mlangoni akalipiga gari konzi moja kwenye bodi, kama mtu anavyomuaga mtoto mtundu.

Njia ya kwenda Ruangwa mwezi Juni ina uzuri wake. Mikorosho imesimama na vivuli vyake vizito, na mashambani mabua ya ufuta yamefungwa matita na kusimamishwa yakauke, ili vifuko vyake vikipasuka mbegu zisimwagike ovyo. Katika gari la kufunikwa ungeyaona hayo kwa dirisha. Katika gari la wazi unayanusa: vumbi, majani makavu, moshi wa jikoni. Wazee waliokuwa kando ya njia waliinua mikono kabla hatujawafikia, kwa kuwa waliutambua mlio. Mjomba aliwajibu wote kwa majina, ingawa najua hakuwa akiwaona. Alikuwa akizijua sauti zao kama wao walivyoijua ya gari.

Ruangwa ilikuwa chini ya Nachingwea zamani, nayo sasa ni wilaya inayojitegemea na inayokua upesi. Ufuta wake unajulikana, madini ya kinywe na dhahabu yamevuta wageni, na timu yake ya Namungo imeupeleka mpira wa ligi kuu katika mji ambao zamani haukutajwa redioni. Bodaboda zimejaa kila kona. Kati ya pikipiki hizo Land Rover letu lilionekana kama babu aliyeingia katika ngoma ya vijana.

Mnunuzi alitupokea kwa adabu, akamwamkia mjomba "Shikamoo, mzee," akatuletea maji na chai. Akalizunguka gari akitabasamu. Alipotaka kutoa bahasha, mjomba alimzuia, akamkabidhi bisibisi na kumwambia, "Mwanangu, lala chini hapa, chomeka palipo na rangi nyekundu ya kutu. Ukimaliza ndipo tuzungumze."

Kijana alilala chini. Alipoinuka, tabasamu lilikuwa limetoweka. Alikaa kimya muda mrefu, akampigia simu fundi wake, na mwisho akasema kwamba hawezi kuzidi milioni 6, kwa sababu chasisi itabidi ikatwe na kuunganishwa upya kabla gari halijabeba mtu. Mjomba alikubali bila kubishana. Tuliandikiana mkataba mbele ya mashahidi wawili, tukampa kadi na kukubaliana siku ya kwenda pamoja mamlaka ya mapato kubadili jina. Hili nalo lisipuuzwe: ukiuza gari likabaki na jina lako, makosa yake yataendelea kukutafuta wewe.

Tulirudi kwa basi dogo. Nusu ya safari mjomba hakusema neno. Nilikuwa nikihesabu moyoni zile milioni 2 na nusu zilizobaki Ruangwa, na nadhani aliijua hesabu yangu. Hatimaye akasema, "Macho yatatengenezwa. Mabati yatangoja korosho." Kisha akageuza uso kwenye dirisha ambalo hakuweza kuona nje yake.

Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba wema wake ulilipwa papo hapo. Upasuaji ulifanyika na jicho la kulia linaona. Nyumba mpaka leo ninapoandika haijaezekwa, na shangazi hutukumbusha kila tunapozungumza kwa simu. Lakini mwezi uliopita kijana wa Ruangwa alitutumia picha. Chasisi imeunganishwa, turubai limevuliwa, na nyuma wamesimama maharusi wawili wanaocheka. Mjomba aliisogeza simu karibu na jicho lake jipya, akaitazama kwa muda, akasema tu kwamba tairi za mbele zinahitaji upepo.

Magari ya aina hiyo, yenye asili ya mwaka 1948, yaliacha kutengenezwa kiwandani mwezi Januari 2016. Yaliyobaki yatakuwa yakinunuliwa na kuuzwa miongoni mwetu kwa miaka mingi. Ukipatana na moja, usidanganywe na bodi. Lala chini, tazama chasisi, uliza kadi. Na siku utakapokuwa wewe ndiye muuzaji, mpe mwenzako bisibisi kabla hujapokea bahasha. Ni kweli kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini kizee chenye kasoro huuzwa vizuri tu, mwenyewe akiisema.