Muhali utatuulia dada zetu!

Haya jamani, wapenzi wa safu hii, leo tuweke kando mambo ya mitindo na nani kaachana na nani. Nawapeleka kwetu Gando, wilaya ya Wete, Kaskazini Pemba. Na wewe uliyezaliwa Kariakoo usigeuze ukurasa, ninalolisema hata Magomeni lipo.

Kwetu mwanamke akipigwa na mumewe, kimbilio lake la kwanza si polisi wala hospitali. Ni kwao. Usiku huohuo anamshika mtoto mkono, anabisha hodi kwa wazee wake. Mlango unafunguliwa. Atakandwa uso kwa maji ya moto, bibi yake atalia naye. Mpaka hapo Gando tunawashinda watu wa mjini, maana mjini mtu anapigwa chumba cha pili, jirani anaongeza sauti ya redio.

Shida huanza asubuhi. Mume anakuja na wazee wawili, ami anawakaribisha, kikao kinaanza. Mwenye jicho lililovimba yuko chumbani, anasikiliza anavyojadiliwa kama gunia la karafuu. Mwisho anaitwa: "Mwanangu, rudi kwako ukavumilie. Yule si mtu baki."

Si mtu baki! Huo ndio muhali. Ni mtoto wa shangazi, ni jirani, mnasali msikiti mmoja. Mama mmoja wa ukoo wetu nilimwona akirudishwa hivyo mara tatu. Mara ya nne alikuja mkono umevunjika.

Na tusidanganyane, yakhe, nyuma ya muhali kuna sufuria. Mzee ana mchele wa watu watano, binti anarudi na watoto wanne. "Kavumilie" mara nyingine maana yake ni "hatuna cha kukulisheni".

Msidhani huduma hazipo. Mwaka 2011 Zanzibar ilifungua kituo cha kwanza cha Mkono kwa Mkono pale Hospitali ya Mnazi Mmoja, na baadaye vikafika Pemba, hata Hospitali ya Wete. Daktari, polisi na mshauri wanapatikana pamoja, ili mtu asizungushwe na PF3 mkononi huku damu inamtoka. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Wanasheria wanawake wa ZAFELA wanawasaidia wasio na pesa ya wakili. Mwaka 2021 zikaanzishwa mahakama maalum za kesi za udhalilishaji, Unguja na Pemba. Na anayetaka kutoka, Kadhi anaweza kuivunja ndoa yenye madhara. Dini haijamwamuru mtu aishi na kipigo.

Ila kituo kile si pa kuishi. Ukishatibiwa na kutoa maelezo, jioni unalala wapi? Kwenu. Kwa hiyo nyumba salama ya Gando ni ile ile ya wazee, na ufunguo anao ami. Hata mashahidi ni wale wale waliokupokea usiku. Wakifungwa mdomo na muhali, kesi inakufa.

Sasa dada, sikia. Hospitali kwanza, kikao baadaye, jeraha likiwa bado bichi. Karatasi ya daktari haina muhali na mtu. Nauli, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto weka kwa mtu unayemwamini.

Na wewe kaka uliyeko mjini, unayetuma hela ya sikukuu tu, siku ya kikao piga simu. Sema: "Ami, shikamoo. Dada harudi mpaka atake mwenyewe. Chakula chake na wanawe nitachangia kila mwezi." Utaona kikao kinavyobadilika!

Sisemi suluhu ni haramu. Nasema wasubiri mkono upone kwanza, na mwenye mkono akae kikaoni, siyo chumbani.

Tukijaaliwa, wiki ijayo.