Meza ya Kijani

Ni desturi ya wanadamu kupima heshima ya jambo kwa heshima ya mahali lilipo. Wimbo uimbwao harusini husifiwa, na wimbo uo huo ukiimbwa njiani na mlevi hulaaniwa. Mimi nami nilikuwa mmoja wa wapimaji wa namna hiyo, na kipimo changu kilimdhulumu mtoto wa watu. Nimeona ni wajibu wangu kuyaeleza makosa yangu, ili kijana asomaye apate faida ya jambo lililonigharimu aibu.

Mwaka wa 2010 nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Mwezi wa Novemba mwaka huo Michezo ya Asia ilifanyika katika mji wa Guangzhou, nchini China. Jioni moja, nikiwa maktabani, nilisoma gazetini kwamba katika michezo hiyo, pamoja na mbio, mieleka na kuogelea, zilitengwa nishani 10 za dhahabu kwa wanaume na wanawake wachezao mipira juu ya meza kwa fimbo. Nilicheka hata mtunza maktaba akanitupia jicho la onyo. Mchezo huo niliujua. Kwetu tunauita puli, nao huchezwa katika vibanda vya mabati kando ya soko, ambapo vijana wasio na kazi huuzunguka ubao wa kijani kutwa, na anayeshindwa hutoa sarafu ya kulipia mchezo. Nilimnong'oneza mwenzangu, "Ikiwa hili ni jambo la dhahabu, basi na kuota jua kupewe almasi." Tukacheka pamoja, tukafunga gazeti.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Katika kidato cha pili nilikuwa na kijana mmoja mkimya, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, ambaye hakujulikana kwa uhodari wowote. Siku moja niliwapa jaribio la pembe. Niliposahihisha, nikaona kijana huyu amepata majibu yote, wala hakuandika hata mstari mmoja wa kuonyesha njia aliyoifuata. Nilimwita mbele ya wenzake, nikamwuliza alinakili kwa nani.

"Sikunakili, Mwalimu," akajibu. "Naziona tu."

Nikamwambia, "Aonaye bila ya kuhesabu ni mwongo au ni mchawi." Darasa zima liliangua kicheko. Nilimpa sifuri, nikamwadhibu kufyeka nyasi siku tatu. Alifyeka bila ya kunung'unika, na utulivu wake niliuhesabu kuwa ni ushahidi wa hatia yake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni. Nilipopita karibu na kibanda cha puli nikamwona kijana yule ndani, ameinama juu ya meza, fimbo mkononi. Moyo wangu ulifurahi kwa furaha mbaya ya mtu aliyeona dhana yake imethibitika. Niliingia kwa nia ya kumtoa kwa ukosi wa shati. Lakini watu walikuwa wengi, nikalazimika kusimama nyuma yao nikitazama.

Mpira aliotaka kuupiga ulikuwa umezibwa na mipira ya mpinzani wake. Kijana aliitazama meza kitambo kidogo, akapaka chaki kwenye ncha ya fimbo, kisha akaupiga mpira mweupe kuelekea upande ambao hapakuwa na kitu. Ukagonga ukingo, ukarudi, ukagonga ukingo wa pili, ukaja kuugusa mpira ule uliozibwa na kuutumbukiza katika mfuko wa pembeni. Watu walishangilia. Mimi nilinyamaza, kwa maana nilikuwa nimeitazama kanuni ninayoiandika ubaoni kila mwaka: pembe ya mpira unapoujia ukingo hulingana na pembe yake unapoondoka, isipokuwa kama umezungushwa. Kijana yule alikuwa ameniambia kweli. Alikuwa akiziona.

Lakini hilo silo lililonivunja. Ulibaki mpira mweusi peke yake upande wake, naye alikuwa karibu kushinda. Alipoinama, akasita, kisha akasimama wima akaiweka fimbo chini. "Nimegusa mpira wako kwa mkono wa shati, kaka," alimwambia mpinzani wake. "Cheza wewe, una mipigo miwili." Hapana mtu aliyeona, hata mpinzani mwenyewe. Yule bwana alicheza, akamaliza mipira yake, akashinda. Kijana akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu, akalipa.

Akageuka, macho yetu yakakutana. "Nisamehe, Mwalimu," alisema, akidhani nimekuja kumwadhibu. Msomaji, neno lile lilikuwa haki yangu kulitamka kwake, naye akanitangulia. Mtu asiyeweza kuficha mguso wa shati mbele ya watu wasiomwona, angewezaje kunakili kazi ya mwenzake na kukana mbele yangu?

Siku ya Jumatatu nilimpa chaki, nikamwomba aichore ubaoni njia ya ule mpira. Akachora, nasi tukapima pembe zake mbele ya darasa. Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba nilimsingizia, na kwamba alama zake nimezirudisha. Nilimwonya jambo moja tu: aandike hatua zake, kwa kuwa mtahini haoni yaliyomo jichoni mwa mtu.

Baada ya hapo nilirudi kuutafuta ule ukurasa niliouchekea chuoni, safari hii kwa adabu. Nilijifunza kwamba michezo ya fimbo na meza ni jamii kubwa. Mmoja wao, snuka, asili yake hutajwa kuwa ni mji wa Jabalpur, India, mwaka wa 1875, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Kiingereza. Meza yake ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na mipira yake ni 22: mwekundu 15, mingine ya rangi 6, na mweupe mmoja wa kupigia. Kila mwekundu ni alama 1, na mweusi ni alama 7. Mchezaji akitia kila mwekundu akaufuatisha mweusi, hupata mara 15 alama 8, yaani 120. Kisha akimaliza rangi zote kwa zamu, 2, 3, 4, 5, 6 na 7, huongeza 27. Jumla ni 147. Hii ni hesabu ya darasa, ila mwenye kuihesabu amesimama, mkono wake hautetemeki, na umati umekaa kimya ukingojea akosee. Na katika snuka, mguso wa nguo kwenye mpira ni kosa, na adhabu yake haipungui alama 4. Desturi ya heshima ni mchezaji kulitaja kosa lake mwenyewe, hata kama mwamuzi hakuliona.

Nilijifunza pia habari za wachezaji. Michezo hii iliingia katika Michezo ya Asia huko Bangkok mwaka wa 1998. Mwaka wa 2002, huko Busan, nchini Korea Kusini, dhahabu ya snuka ilichukuliwa na mvulana wa Kichina, Ding Junhui, aliyekuwa na umri wa miaka 15, umri wa mwanafunzi wangu. Miaka minne baadaye, huko Doha, alipata dhahabu tatu. Lakini huko Guangzhou, mbele ya watu wa nchi yake, alishindwa katika mchezo wa mwisho na Marco Fu wa Hong Kong, kwa kuwa meza haijui mwenyeji wala mgeni. Huko huko Guangzhou, Pankaj Advani wa India alishinda katika biliadi ya Kiingereza, nayo ikawa dhahabu ya kwanza ya nchi yake katika mashindano yale. Mchezo wenye jina la Waingereza, ukachezwa China, ukashindwa na Mhindi! Na mwaka wa 2001 katika Michezo ya Dunia huko Akita, Japani, Jeanette Lee wa Marekani alichukua dhahabu ya wanawake, naye ni mtu ambaye uti wake wa mgongo ulipinda tangu utotoni, ukanyoshwa kwa vyuma.

Hata hivyo, heshima ya dunia ni kivuli, huja na kuondoka. Baada ya Guangzhou michezo ya meza iliondolewa. Haikuwako Incheon mwaka wa 2014, wala Jakarta mwaka wa 2018, wala Hangzhou mwaka wa 2023. Wachezaji wake waliomba nafasi katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka wa 2024, wakakosa. Je, ule mchezo ulikuwa bora mwaka wa 2010, ukawa duni mwaka wa 2014? Hasha. Pembe ni zile zile, na ukweli wa mtu anayekiri kosa ni ule ule, apewe nishani au alipe sarafu kibandani.

Wala kijana asinielewe vibaya akafunga vitabu vyake na kukimbilia kibandani. Ding Junhui mwenyewe aliacha shule mapema ili ajifunze mchezo, na kwa kila mmoja aliyefika Busan, walio wengi walibaki bila ya nishani na bila ya masomo. Kibanda cha sokoni kina wavivu wake na wacheza kamari wake. Nisemalo ni hili: tukikuta mtu mahali tusipopapenda, tumtazame kwanza anafanya nini, ndipo tumhukumu.

Mimi nilihukumu kwanza, nikatazama baadaye. Alama za yule kijana nilizirudisha kwa kalamu siku moja. Lakini lile jina la mchawi nililomtupia kwa mzaha halikufutika kwa kalamu. Wenzake waliendelea kumwita hivyo hata siku ya mwisho ya kidato cha nne, naye kila mara aliitikia kwa tabasamu. Mimi kila nililisikia nilishika chaki yangu na kuugeukia ubao, nisionekane uso.