Mgongo unauma: godoro gani linafaa?

Goma: Ukiumwa mgongo wa chini katika mji huu, ushauri wa kwanza wa majirani ni uleule: acha godoro, lala chini ao juu ya mbao tupu. Wengi wanaufuata, na wengi wanaamka na maumivu zaidi.

Mama mmoja aliyehama kwao Masisi na kupokelewa na familia mtaani Majengo aliufuata pia. Mchana anabeba mizigo ya watu sokoni Virunga. Usiku alilala kwenye shitingi na kikwembe kimoja, na chini yake mawe ya volkano. Asubuhi hakuweza kuinama kufagia. Aliweka feza kidogo kidogo mpaka zikakaribia bei ya godoro moja. Feza hizo zingenunua maharagi ya watoto, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kukosea.

Mwaka 2003, jarida la Uingereza The Lancet lilitoa utafiti uliofanywa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Wengine walipewa godoro gumu, wengine la ugumu wa katikati. Baada ya siku 90, waliolalia la katikati walikuwa na nafuu kubwa zaidi.

Sababu inaeleweka. Juu ya kitu kigumu, mabega na nyonga vinabeba uzito wote, kiuno kinabaki kinaning'inia. Juu ya sponji laini sana, nyonga zinazama na mgongo unapinda kama kamba ya kuanikia nguo. Godoro zuri linaacha nyonga zizame kidogo tu, huku kiuno kikishikiliwa.

Mama huyo alimuomba muuzaji ruhusa ya kulala juu ya godoro kabla ya kulipa. Wewe pia usione haya. Lala chali dakika chache, kisha ubavu. Pitisha kiganja chini ya kiuno: kikipita na nafasi kubwa inabaki, godoro ni gumu kwako, kikikwama na nyonga zimezama, ni laini mno. Bonyeza kwa goti: ukigusa mbao, sponji hiyo haitadumu. Mtu mnene anahitaji sponji nzito kuliko mwembamba. Yeye alichukua la katikati, jembamba kuliko alivyotamani. Mizigo bado inamuumiza, lakini sasa anaamka na kuinama.

Kwa familia ambazo hazina feza ya godoro: ondoeni mawe, sawazisheni udongo, tandikeni nyasi kavu nyingi ao makartoni, kisha shitingi na blanketi. Ukilala ubavu, weka kikwembe kilichokunjwa katikati ya magoti. Ukilala chali, kiweke chini ya magoti. Asubuhi geukia ubavu kwanza, ndipo uinuke kwa kusukuma na mikono. Na mchana usikae kitandani: kutembea kunasaidia mgongo kuliko kulala siku nzima.

Kuna maumivu ambayo godoro haliyatibu. Miguu ikilegea, ganzi ikishika katikati ya mapaja, mkojo ukikataa kutoka ao ukitoka wenyewe, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Maumivu yakija na homa, kukonda, ao baada ya kuanguka, munganga akuone pia bila kukawia.